Iktisadi ya Mafuta na Amana ya Roho

Miongoni mwa maswali ya adili ambayo zama za magari zimewaletea watu, liko moja ambalo aghalabu huulizwa katika gereji na vituo vya mafuta, mbele ya fundi mwenye mrija wa upepo mkononi, na ni nadra kusikika katika darasa za misikiti au katika mimbari za makanisa, ingawa huko ndiko lilikostahili kupelekwa. Nalo ni hili: je, mtu ana haki gani ya kupunguza usalama wa mipira ya gari lake ili apunguze gharama ya mafuta, na haki hiyo, kama ipo, inakoma wapi? Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la mafundi, wala halina nasaba na dini au falsafa. Lakini kila jambo ambalo ndani yake mtu hupata faida kwa kumtia mwenzake katika hatari ni jambo la haki na dhuluma kabla halijawa jambo la ufundi, na anayelihukumu kwa kipimo cha upepo peke yake atajua ni ratili ngapi zimo ndani ya mpira, asijue ni za nani roho zinazobebwa juu yake.

Yafaa kwanza tuufahamu mgogoro wenyewe. Mpira wa gari hula mafuta kwa namna isiyoonekana kwa macho. Kila sehemu yake inapofika chini hubonyea kwa uzito wa gari, na inapoondoka hurudia umbo lake. Ila nguvu iliyotumika kuibonyeza hairudi yote, maana fungu lake hugeuka kuwa joto na kupotea, na joto hilo limelipiwa kwa mafuta. Kwa hiyo mpira uliojazwa upepo zaidi, kwa kuwa hubonyea kidogo, hula kidogo. Na, jambo la kustaajabisha, mpira uliolika mpaka ukakaribia kuwa kipara hula mafuta kidogo kuliko ulivyokuwa ukila siku ulipotoka dukani, kwa sababu ule unene uliokuwa ukibonyea na kurudi umekwisha pungua. Mpira ulio karibu na mwisho wa umri wake ndio mwekevu kuliko yote, na mtu anayetazama mafuta peke yake angepaswa kuusifu mpira uleule ambao mkaguzi wa barabarani angeamuru utupwe.

Lipo na jambo la ndani zaidi. Kule kubonyea na kupoteza nguvu, ambako hula mafuta, ni ndugu wa kule kushika barabara, ambako huokoa maisha. Mpira hushika lami iliyolowa kwa sababu uso wake huingiliwa na vinundu vidogo vidogo vya barabara, hubonyezwa navyo, na hukawia kurudi. Na kukawia huko ndiko kushika. Mpira usiopoteza nguvu hata chembe ungebingirika kwa wepesi wa ajabu, na juu ya lami yenye maji ungeteleza kwa wepesi uleule. Hivyo si kweli kwamba ukinzani ni adui tu, na kwamba hekima yote ni kuuondoa. Kinachotukawiza katika safari ndicho kinachotuwezesha kusimama mtoto anapokatiza barabara, na anayetaka kuondoa kimoja lazima aulize kwanza atabaki na kiasi gani cha kile cha pili.

Na ile faida inayotafutwa ni kubwa kadiri gani? Jopo la wataalamu wa Marekani lililochunguza jambo hili mwaka 2006 lilikadiria kwamba ukinzani wa mipira ukipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, gari dogo huokoa mafuta baina ya asilimia 1 na 2. Faida hiyo si ya kubezwa na mwenye magari mengi, wala na taifa zima linalonunua mafuta yake ng'ambo; na kwa lori kubwa lenye shehena, ambalo fungu kubwa zaidi la nguvu zake huliwa na magurudumu, ni faida ya kuhesabiwa. Lakini kwa mwenye gari moja ni akali ya mali, na ni wajibu kuujua uchache wake kabla ya kuuliza ni kitu gani kinachotolewa kuwa badali yake.

Kabla ya kuhukumu baina ya mema mawili yanayogombana, ni insafu kuuliza kama kweli yanagombana. Watengenezaji wa magari huandika kipimo cha upepo katika kibandiko ambacho aghalabu huwa katika nguzo ya mlango wa dereva, na kipimo hicho hutazamwa mpira ukiwa baridi, kabla ya safari kuanza. Ama namba iliyochorwa ubavuni mwa mpira, ambayo wengi huishika kana kwamba ndiyo amri, si kipimo cha gari bali ni ukomo ambao mpira wenyewe haupaswi kuuvuka. Chini ya kipimo cha kibandiko, iktisadi na usalama havina ugomvi wowote. Mpira wenye upepo pungufu hubonyea kupita kiasi, hula mafuta, hupata joto jingi katika mbavu zake, hulika kingoni, na mwisho tabaka zake huachana au mpira hupasuka katika mwendo. Kila ratili moja inayopungua katika mipira yote minne huongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha moja ya tano ya asilimia 1, na mpira mzima, usio na pancha yoyote, hupoteza kama ratili moja kila mwezi kwa kupenyeza tu. Basi mtu asiyepima upepo miezi kadhaa ni mbadhirifu na ni mhatarishaji kwa wakati mmoja, wala hana udhuru wa kusema kwamba alikuwa akichagua kimoja kwa ajili ya kingine. Kosa lake ni mghafala tupu.

Historia ina ushahidi mzito wa jambo hili. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudishwa kwa mipira milioni 6.5, mingi yake ikiwa imefungwa katika magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso za mipira hiyo kubanduka mwendoni na magari kupinduka; na ilipofika mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilikuwa imehesabu vifo 271 vilivyohusishwa nayo. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Ford ilikuwa imekwisha anza kubadilisha mipira ya namna hiyo katika Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, ambako joto kali na safari ndefu za mwendo wa kasi vilifichua udhaifu mapema. Sababu za msiba ule zilikuwa nyingi, na kampuni mbili zile zikatupiana lawama. Lakini katika mabishano yao ikadhihirika kwamba Ford iliwapendekezea wanunuzi upepo wa ratili 26 kwa inchi ya mraba, na Firestone ikasema baadaye kwamba ingefaa uwe 30. Upepo ule mchache haukuteuliwa kwa ajili ya mafuta, na kwa hakika uliyapoteza. Hata hivyo mtu aliyeutii alikuwa ametii maandishi ya waliolitengeneza gari. Marekani ikapitisha sheria mwaka huohuo wa 2000, na kutokana nayo magari madogo mapya yakalazimika hatimaye kuwa na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua kwa robo. Wastani, basi, si nusu ya njia baina ya mpira laini na mpira mgumu. Ni mahali mahususi pa kila gari na kila mzigo, na pasipojulikana vizuri hata mwenye nia njema hupotea.

Mgogoro wa kweli huanza pale kipimo kinapovukwa kwa makusudi. Dereva aliyesikia kwamba mpira mgumu hula kidogo huujaza mpaka uifikie namba ya ubavuni, au aipite. Na mpira huo, badala ya kukaa juu ya lami kwa upana wake, hukaa kwa katikati yake, sehemu inayogusa barabara ikapungua, katikati pakalika kabla ya kando, na katika barabara yenye mashimo na matuta gari likawa la kurukaruka, ilhali gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki juu ya kitu. Mwingine huendelea na kipara kwa hoja kwamba bado kinabingirika, mpaka mvua ya masika imfundishe kwamba ile mifereji iliyochongwa juu ya mpira mpya haikuwa pambo, bali ilikuwa njia ya kuyatoa maji yaliyo baina ya mpira na lami. Mwingine huacha nyumbani gurudumu la akiba ili apunguze uzito. Na mwingine, ambaye habari zake zimekuwa mashuhuri katika mteremko wa Salgaa, njia ya Nakuru kwenda Eldoret, hutoa gia na kuliachia lori literemke kwa fri, akilifanya lishuke kwa uzito wake kama jiwe, na breki peke yake zikabaki kupambana na tani zote zile mpaka zipate joto na zikose nguvu. Wala hajui kwamba injini za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa, hali injini inayonguruma katika fri huendelea kunywa. Ametoa kinga kubwa, na kile alichodhani anakinunua hakimo ndani ya bei.

Ukiwatazama watu hawa kwa jicho la fikihi utaona kwamba makosa yao yamekwisha gawanywa zamani na wanavyuoni, japo wao hawakupata kuliona gari. Mtu aliyewekewa amana, wasema mafakihi, halipi kilichopotea mikononi mwake bila kosa lake. Lakini hulipa ikiwa pamekuwa na mojawapo ya mambo mawili: taksiri, yaani kuacha lililompasa kulifanya, au kuvuka mpaka, yaani kufanya lisilomhalalikia. Mpira uliopungua upepo na mpira uliolika ni taksiri. Mpira uliojazwa kupita ukomo na lori lililoachiwa mteremkoni ni kuvuka mpaka. Abiria aliyelipa nauli ameweka amana kubwa kuliko dhahabu, na tena ameiweka bila ya kuweza kuikagua, maana haulizwi upepo ni kiasi gani, wala hana kipimo mfukoni, wala angekuwa nacho asingepewa nafasi ya kuinama kituoni apime gurudumu moja baada ya jingine, basi likimngoja na utingo akipiga mlango. Mtu asiyeweza kukagua anazo haki nyingi zaidi kwa yule anayeweza.

Hapa ndipo naliona jambo ambalo mazungumzo ya kawaida juu ya mafuta na usalama hulificha. Husemwa kwamba mambo haya mawili yawekwe katika mizani, na kila mmoja apime apendavyo, kana kwamba vyote viwili ni mali ya mtu mmoja. Lakini mafuta yaliyookolewa ni ya mwenye gari, na hatari iliyoongezwa ni ya wote waliomo ndani yake na wote waliomo njiani: mwenye baiskeli, mama anayeuza mahindi ya kuchoma ukingoni mwa barabara, wanafunzi wanaovuka. Kubana matumizi katika haki yako ni fadhila, na dini zote zimeisifu. Kubana matumizi katika mwili wa mwenzako si iktisadi hata kidogo, bali ni kuchukua kisicho chako na kukiita akiba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kiasi gani cha usalama kinaweza kutolewa, tuulize kinatolewa na nani, kwa idhini ya nani. Na mara nyingi swali hilo la pili likijibiwa, lile la kwanza huwa halina haja tena.

Huenda mtu akajibu kwamba dereva naye yumo garini, na kwamba mwenye kujihatarisha pamoja na wenzake hawezi kuitwa dhalimu. Jawabu ni kwamba kushiriki hatari hakumpi mtu mamlaka ya kuigawa. Nahodha anayezama pamoja na abiria aliowadanganya habari za chombo hakutakasika kwa kuzama. Na zaidi ya hayo, mara nyingi anayeokoa hayumo garini. Mwenye lori hukaa mjini, humpimia dereva lita za safari, na ujira anaompa ni mdogo kiasi kwamba dereva huyatazama mafuta yatakayobaki kuwa sehemu ya mshahara wake, ayauze njiani. Na hapo mteremko unakuwa ndio mahali pa kulipwa. Tukimlaumu dereva peke yake tumemlaumu aliye karibu na macho. Mpango wa malipo uliofanya hatari iwe na bei, na uzembe uwe na thawabu, nao una mwenyewe, na mwenyewe huyo ana sehemu yake katika dhima, hata kama hajapata kuushika usukani.

Baada ya dhuluma huja udhuru, na udhuru mkubwa katika nchi zetu ni kadari. Gari likipinduka husemwa kwamba ajali haina kinga, na kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Na maneno haya, ambayo ni faraja halali kwa mfiwa, hugeuka kuwa kificho yanapotoka katika kinywa cha yule aliyeyafunga magurudumu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipofika katika mlango wa tawakali ndani ya kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, aliyagawa mambo ambayo kwayo watu hutafuta manufaa na kuepa madhara katika mafungu matatu: sababu zilizo yakini, sababu zilizo dhana yenye nguvu, na sababu zilizo wahamu tu. Kuziacha zile za yakini, kwa mafundisho yake, si tawakali. Na anayelala katika mkondo wa mafuriko au chini ya ukuta ulioinama hakumtegemea Mungu, bali ameitupa nafsi yake. Sioni tofauti baina ya ukuta ulioinama na mpira uliochanika ubavuni hata nyuzi zake zikaonekana, ila kwamba chini ya ukuta ule alilala mtu mmoja, na juu ya mpira huu wamekaa watu sitini.

Mgawanyo ule wa Ghazali hufaa pia kwa hizo hila za kupunguza mafuta. Ziko zilizo yakini: kupima upepo na kuurudisha katika kipimo chake, kutoa mzigo usiohitajiwa, kuondoa kibebeo cha juu ya paa kisichotumika, kutengeneza injini kwa wakati wake. Ziko zilizo dhana yenye nguvu, ambazo hufaa kwa masharti: kununua mipira iliyoundwa kwa ukinzani mdogo, au kuongeza upepo ndani ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji kwa ajili ya mzigo mzito. Na ziko zilizo wahamu: visumaku vya kufunga katika bomba la mafuta, vidonge vya kutia ndani ya tangi, na vifaa vingi vya namna hiyo, ambavyo idara ya mazingira ya Marekani imejaribu zaidi ya 100 na kukuta ni vichache mno vyenye faida yoyote. Ajabu ya wanadamu ni kwamba wengi huanza na wahamu, kwa kuwa inauzwa na ina wapiga debe, na huiacha yakini, kwa kuwa haina anayeitangaza. Na baina ya hizo mbili huiacha hatari ya watu wengine ilipe gharama ya majaribio yao.

Lakini ipo hoja moja yenye uzito, nayo haistahili kupitwa haraka. Mafuta yanayoungua nayo ni madhara. Moshi wake huingia katika mapafu ya watu wa mjini, na hewa yake ya ukaa hupanda juu na kuongeza joto la dunia, ambalo hulipwa na mkulima wa Dodoma asiyekuwa na gari na mvuvi wa Pemba ambaye bahari inamega ardhi yake. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwenye kuokoa mafuta haokoi chake peke yake, na anayekaza upepo wa mipira anaweza kudai kwamba naye analinda roho za wengine, walio mbali na wasiomjua. Mafakihi wana kanuni isemayo kwa maana yake kwamba madhara ya mtu mahususi huvumiliwa ili kuepusha madhara ya wote, nayo imo miongoni mwa zile zilizokusanywa na Waturuki katika Majalla, sheria yao iliyokamilika mwaka 1876. Je, haiwezi kutumiwa hapa?

Nadhani haiwezi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kanuni ile hutumiwa na hakimu baada ya kumtazama usoni yule atakayebebeshwa madhara, naye hubebeshwa kwa kadiri inayojulikana. Haimpi mtu yeyote ruhusa ya kupiga kura gizani, asijue ni mguu wa nani utakaokatwa ili hewa ya wote iwe safi kwa kiasi kisichopimika. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kwamba madhara ya faragha huvumiliwa pale tu ambapo hapana njia nyingine ya kuyaondoa yale ya jumla, na hapa njia zipo tele. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupata ukinzani wa hewa usiofika thuluthi mbili ya ule linaoupata kwa kilomita 100. Dereva aliyeondoa mguu kidogo kwenye mafuta ameokoa zaidi ya yule aliyekaza mipira yote, na hali mipira yake imepoa, breki zake zimepata nafasi, na mtoto anayevuka amepata dakika yake. Basi mbona njia hii, ambayo ndani yake mafuta na usalama huenda pamoja, ndiyo ya mwisho kufikiriwa? Ni kwa sababu bei yake ni wakati, na wakati ni wetu. Tumependa kulipa kwa usalama wa wengine kuliko kulipa kwa dakika zetu wenyewe. Na kwa hiyo ugomvi uliosemwa kuwa ni baina ya iktisadi na usalama, ukiutazama vizuri, ni ugomvi baina ya vyote viwili na haraka.

Kuna na fakiri, naye hawezi kuhubiriwa kama tajiri. Katika masoko yetu huuzwa mipira ya mtumba iliyokwisha tembea katika nchi nyingine, na mwenye daladala moja, ambaye marejesho ya kila siku yanamngoja, huinunua si kwa kupenda bali kwa kushindwa. Dharura ina hukumu zake, na sheria imeihurumia. Lakini haohao walioihurumia waliiwekea mipaka miwili: kwamba isipite kadiri yake, na kwamba kudharurika kwako hakubatilishi haki ya mwingine. Mwenye njaa aliyekula chakula cha jirani hapati dhambi, ila hulipa alichokula. Mwenye daladala hana cha kumlipa maiti. Kwa hiyo udhuru wa ufukara, ambao katika mali husikilizwa, katika roho hauna pa kusimama. Na badala ya kumwambia fakiri kwamba amesamehewa, ni wajibu wa jamaa zake, wa vyama vya ushirika na wa serikali kumfanyia wepesi ili asihitaji kusamehewa: mkopo wa mipira, kipimo cha upepo kisicholipiwa katika kila kituo, na kumfundisha kuusoma ubavu wa mpira, ambao umeandikwa tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, asije akauziwa mpira mkongwe uliong'arishwa kwa dawa akadhani ni mpya.

Na elimu ndiyo iliyoonyesha kwamba mgogoro wenyewe unaweza kupunguzwa. Kwa muda mrefu mafundi walidhani kwamba anayetaka ukinzani mdogo lazima akubali mshiko mdogo katika maji, mpaka miaka ya mwanzo ya 1990, ambapo kampuni ya Michelin ya Ufaransa, kwa kuchanganya silika, ambayo asili yake ni mchanga, badala ya sehemu ya masizi meusi ya zamani, ilitoa mwaka 1992 mpira unaobingirika kwa wepesi na hali umeshika lami iliyolowa. Siri yake ilikuwa kwamba kubonyea kwa taratibu kwa gurudumu zima na kubonyea kwa haraka kwa uso wake juu ya vinundu vya barabara si jambo moja, na yanaweza kutengwa. Na tangu mwaka 2012 kila mpira mpya wa gari dogo unaouzwa katika Umoja wa Ulaya hubandikwa karatasi yenye herufi mbili pamoja, moja ya mafuta na moja ya mshiko katika maji, ili mnunuzi asiweze kuitazama ya kwanza bila ya pili kumtazama yeye. Ghazali aliwahesabu wenye kilimo, ufumaji na tiba kuwa wanatekeleza faradhi ya kutosheleza, yaani ile ambayo wote wana dhambi ikikosa wa kuitekeleza. Sioni kwa nini fundi wa mipira aijuaye kazi yake asiwemo katika safu hiyo, wala kwa nini mji usiokuwa na hata mmoja wa namna yake usijione kuwa na deni.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mtu na aanze iktisadi yake katika vile vilivyo vyake: mwendo wake, mzigo wake, safari zisizo za lazima, matengenezo ya injini yake, na upepo ulio katika kipimo chake. Vile alivyoshirikiana na wengine asivipunguze ila kwa elimu na kwa mipaka iliyowekwa na wajuao. Na vile vilivyo vya wengine kabisa, yaani uzima wa waliompa nauli na wa waliopo njiani, asiviguse, hata kama akiba yake ni nusu ya mafuta ya mwaka. Na kwa kuwa haki isiyoulizwa husahauliwa, abiria anayeuliza habari za mipira kabla ya kupanda asionekane mjuba wala mwenye kuchelewesha safari: anauliza habari za mali yake, na aliyepewa amana hana haki ya kukasirishwa na swali la mwenye mali.